Kabla ya kulala juu ya kamba: mambo ya kujua tukienda kupiga kambi Ukambani

Simu zimeanza tena. Kila mwaka likizo ya Desemba ikikaribia, wazazi wa mtaani kwetu hapa Mombasa hunipigia kuuliza vijana wabebe nini kwa safari ya Ukambani. Miaka ya nyuma waliuliza habari za blanketi na viatu. Mwaka huu karibu nusu yao wameuliza jambo moja: "Kamba ya machela ninunue ipi?"

Nimejibu kwa simu mpaka nimechoka, na kila nikimaliza najiona nimesahau kitu. Nimeona bora niandike yote mahali pamoja. Naandika pia kwa sababu nina deni. Mara ya kwanza nilipowapeleka vijana huko, mimi ndiye niliyenunua kamba, mimi ndiye niliyefunga, na mpwa wangu ndiye aliyeanguka.

Kwanza niseme machela ni nini, maana neno hili kwetu Pwani limekuwa la hospitali. Ukisema machela, mtu anafikiri mgonjwa anabebwa. Hapa nakusudia kile kitambaa kirefu kinachotungikwa baina ya miti miwili, mtu akalala ndani yake kama mtoto kwenye mbeleko. Wasafiri wanakipenda kwa sababu ni chepesi, kinakunjika kikaingia mkobani, na kinakuinua kutoka ardhini. Huko Kitui na Makueni hilo la mwisho si dogo. Ardhi ina nge, ina kifutu anayelala njiani bila kusogea, na mvua ikinyesha maji hupita chini ya hema bila kubisha hodi.

Safari yetu haina anasa. Tunapanda treni ya SGR, ile inayosimama vituo vya njiani, tunashuka Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Kutoka hapo tunachukua matatu barabara ya Mutomo, tunavuka mto Athi na kuingia kaunti ya Kitui upande wa Ikutha. Kuna familia huko tunayofahamiana nayo, hutupa nafasi ya kukaa shambani kwao siku 4. Vijana hupenda nikiwaambia kwamba maji yale ya Athi wanayoyaona darajani ndiyo yatakayokuwa Galana, halafu Sabaki, na mwisho yamwagike baharini karibu na Malindi. Ni kama wamekwenda mbali wakakuta mlango wa nyuma wa kwao.

Usiku wa kamba kukaza

Mwaka ule wa kwanza nilinunua machela 6 za bei nafuu, na pamoja nazo bunda la kamba ya plastiki ya rangi ya buluu. Kila machela ilikuja na kulabu mbili za chuma zenye umbo la S. Kulabu hazikuwa na maandishi yoyote. Niliziona nene, nikaridhika.

Tulipofika nilitafuta miti. Mpwa wangu, kijana wa kilo 60 hivi, nilimtungikia baina ya mwembe na mgunga. Nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote, tena nikamwita kijana mwingine anisaidie, mpaka machela ikanyooka kama meza. Nilikuwa nafikiri kamba iliyokazwa ndiyo iliyofungwa vizuri. Na kwa sababu mbwa wa jirani alikuwa akizunguka, niliiweka juu, usawa wa kifua changu.

Baada ya saa sita za usiku nikasikia kishindo. Kulabu moja ilikuwa imefunguka, ile S ikanyooka ikawa kama msumari uliopinda kidogo. Kijana alianguka kwa mgongo juu ya mzizi. Hakuweza kuinuka. Tulimtandikia machela yake mwenyewe juu ya fito mbili tukambeba mpaka barabarani, na mwenye shamba akatutafutia gari usiku ule ule. Mungu alisaidia, mifupa haikuvunjika. Lakini alikaa wiki 3 nyumbani bila kwenda shule, na dadangu, mamake, hakusema nami kwa muda mrefu zaidi ya huo. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza swali moja tu: "Ulijua unachofanya, au ulikuwa unabahatisha?"

Nilikuwa nabahatisha. Basi nikaenda kuuliza.

"Ulitaka kuanikia nguo?"

Nilimwendea mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyefanya kazi ya majahazi maisha yake yote. Nikamweleza kila kitu, nikamchorea na picha. Aliitazama ile picha ya kamba iliyonyooka akacheka.

"Uliikaza hivi ya nini, mwanangu? Ulitaka kuanikia nguo?"

"Nilidhani ikilegea ataanguka, mzee wangu."

"Ndiyo iliyomwangusha. Kamba ya kubeba mzigo huachwa ishuke."

Niliporudi nyumbani nilimwomba mwalimu wa fizikia anipigie hesabu, na hesabu ikamuunga mkono mzee. Mtu akilala kwenye machela, uzito wake hugawanyika pande mbili. Lakini kamba haivuti kwenda juu tu, inavuta na kwenda pembeni pia. Kadiri kamba inavyonyooka, ndivyo mvuto wa pembeni unavyozidi.

Chukua mtu wa kilo 80. Kamba zikishuka kwa mteremko wa digrii 30 kutoka mtini, kila upande unabeba mvuto wa kilo 80. Mteremko ukiwa digrii 15 tu, kila upande unabeba kilo 155. Ukiwa digrii 10, ni kilo 230. Ukiwa digrii 5, yaani karibu kunyooka kabisa, ni kilo 459. Mtu ni yule yule, kamba ni ile ile. Na hapo amelala ametulia. Akijibwaga kwa kishindo, kama vijana wanavyopenda, mvuto unaruka juu ya hapo kwa nukta moja.

Mpwa wangu wa kilo 60, hata nikisema mteremko ulikuwa digrii 10, kila kulabu ilikuwa ikivutwa kwa zaidi ya kilo 170 usiku kucha.

Kwa hiyo kabla hujauliza kamba ya kununua, shika kanuni hii: digrii 30. Huna haja ya kipimo cha shule. Pima urefu wa kamba kutoka mtini mpaka kichwa cha machela. Ncha ya mtini inatakiwa iwe juu ya kichwa cha machela kwa nusu ya urefu huo. Kamba ikiwa mita 1, tofauti iwe nusu mita. Kamba ikiwa mita 2, tofauti iwe mita 1. Machela itaonekana imelegea kama tabasamu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tena ndani yake utalala vizuri zaidi, kwa sababu ukijilaza mshazari kidogo mgongo unanyooka. Ile iliyokazwa hukubana mabega na kukupindua.

Wazoefu huongeza kijikamba chembamba kinachounganisha kichwa na mguu wa machela, kama uzi wa upinde. Machela ya mita 3 hupewa kijikamba cha mita 2 na nusu. Hata ukibadilisha miti kila siku, machela inabaki na mbonyeo ule ule. Ukikigusa ukiwa umelala kinatakiwa kibonyee kidogo. Kikilia kama uzi wa udi, umekaza mno.

Kamba na tabia zake

Sasa kamba. Dukani utauziwa kwa unene, lakini unene peke yake hausemi kitu. Uliza imetengenezwa na nini.

Tuanze na katani, kwa sababu unakwenda kwenye nchi yake. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba ni miche 62 tu iliyofika hai Tanganyika. Leo ukipita Kibwezi unaona mashamba ya mkonge ya Dwa, kama unavyoyaona ya Vipingo ukienda Kilifi, na akina mama wa Ukambani husokota nyuzi zake kwa kiganja juu ya paja na kufuma viondo. Zamani walitumia pia nyuzi za gome la mbuyu. Mama mwenye shamba tunakokaa husokota kamba mbele yangu kila jioni huku akiongea, bila hata kuitazama.

Nilimuuliza kama kamba yake ingebeba machela. "Mpya na kavu, itakubeba," alinijibu. "Lakini ikinyeshewa siku mbili halafu ikaanikwa, sitamlaza mtoto wangu."

Ndivyo ilivyo. Katani haivutiki sana na inashika fundo vizuri, lakini ni dhaifu kuliko kamba ya kisasa ya unene ule ule, na unyevu huiozesha kuanzia ndani ambako huoni. Tena ikilowa hufura na kufupika, kwa hiyo ulichokifunga vizuri jioni kinakazika chenyewe usiku wa mvua. Itumie kufungia mizigo na fito. Usiitumie kulalia.

Kamba ya usumba, ile yetu ya makumbi ya nazi, ina heshima yake. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwayo, mbao kwa mbao, bila msumari. Lakini ilishona mbao, haikuning'iniza watu. Inavutika sana na nguvu yake ni ndogo kuliko hata ya katani.

Kamba ya plastiki ndiyo ile ya buluu, kijani au manjano iliyojaa madukani. Wengi huiita manila, ingawa manila ya asili ni nyuzi za mmea wa Ufilipino. Ni rahisi, haiozi, inaelea. Wavuvi wanaijua. Ubaya wake ni mitatu: jua huila, inateleza kwa hiyo fundo hulegea, na ikisuguliwa na gome hupata joto na kulainika. Kamba ya plastiki iliyokaa juani mwaka mzima, ukiisugua kwa vidole ikatoa unga, itupe.

Nailoni ina nguvu kweli, lakini inanyooka ikivutwa, na ikilowa inanyooka zaidi na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Ni nzuri kwa nanga kwa sababu hupokea mshtuko wa wimbi. Kwa machela, unalala juu na kuamka makalio yanagusa mchanga.

Polista ndiyo ninayowaambia wazazi wanunue. Hainyooki sana, haibadiliki ikilowa, na inavumilia jua kuliko hizo nyingine. Wenye mashua za tanga za kisasa huitumia kwa kamba za kuvutia matanga kwa sababu hiyo hiyo.

Iko pia Dyneema, nyembamba kama kamba ya kiatu na yenye nguvu ya kushangaza. Wanaosafiri kwa miguu huipenda kwa wepesi. Lakini inateleza sana hivi kwamba mafundo ya kawaida hujifungua, na haistahimili joto. Kama hujafundishwa kuipachika kwa kuiingiza ndani yake yenyewe, iache.

Utajuaje dukani kama ni plastiki au ni polista? Kata kipande kidogo, kitie kwenye ndoo ya maji. Plastiki huelea. Nailoni na polista huzama. Kisha kati ya hizo mbili, vuta kipande kirefu kwa nguvu: inayonyooka kama mpira kidogo ni nailoni.

Na nguvu iliyoandikwa kwenye lebo usiichukue yote. Hiyo ni nguvu ya kamba mpya, iliyonyooka, ikivutwa hadi ikatike. Ukipiga fundo tu, unaweza kupoteza thuluthi au hata nusu yake. Mafundi wengi huhesabu tano moja ya nguvu ya kukatika kuwa ndiyo mzigo wa kubeba, na penye uhai wa mtu wengine hushuka hadi kumi moja. Kamba iliyoandikwa kilo 250, kama ile nyembamba ya parashuti inayouzwa kwa wapiga kambi, igawanye kwa tano upate kilo 50. Haibebi mtu mzima. Ni ya turubai.

Vyuma

Kulabu ya S ndiyo iliyonifedhehesha, kwa hiyo nitaisema kwanza. Umbo lake liko wazi pande zote mbili. Ikivutwa sana hunyooka, na hata isiponyooka, machela ikilegea kidogo mtu akigeuka inaweza kuchomoka. Ikiwa machela yako imekuja nazo, zitoe utundike ndoo.

Badala yake kuna karabina, ile pete ndefu ya chuma yenye mlango unaojifunga kwa springi. Lakini tahadhari: zile ndogo za rangi nzuri za kuning'iniza funguo zina umbo hilo hilo. Tofauti ni maandishi. Karabina ya kweli imechongwa nguvu yake ubavuni kwa herufi kN, yaani kilonyutani. kN 1 ni karibu kilo 100. Za machela mara nyingi huandikwa kN 12, za kupandia milima kN 20 na zaidi. Nguvu hiyo ni ya kuvutwa kwa urefu huku mlango umefungwa. Mlango ukiwa wazi, au ikivutwa kwa upana, inabaki sehemu ndogo tu. Isiyo na maandishi, chukulia kwamba haina nguvu yoyote.

Ukikosa karabina, nenda kwenye maduka ya vifaa vya mashua. Ile pingu ya chuma yenye umbo la U na pini ya kuzungusha inafaa sana, mradi iwe na alama ya mzigo na pini uikaze mpaka mwisho. Usichukue kuukuu iliyokaa baharini. Chumvi hula chuma kutoka ndani ya nyuzi za pini, na nje kinaonekana kizima.

Na ukikosa vyote, ujue kwamba vyuma si lazima. Fundo la kitanzi kisichokaza, lile linalofanyiwa mashua gatini, linatosha. Kadiri vipande vinavyokuwa vichache ndivyo pa kuharibika panavyopungua. Machela nzima ina nguvu ya kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Mimi nilikuwa na kamba ya kutosha na mti wa kutosha, ila nikavifunga pamoja kwa kulabu isiyokuwa na jina.

Mti wenyewe

Usizungushe kamba nyembamba moja kwa moja kwenye mti. Inakata gome, na gome ndilo linalopitisha chakula cha mti. Mwembe wa Makueni ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Tumia mkanda wa polista wenye upana wa sentimita 2 na nusu au zaidi, uzungushe mtini, kisha kamba au karabina ishike kwenye mkanda. Msumari usiguse mti wa mwenyeji wako kabisa.

Chagua mti hai, ulionyooka, mnene kuliko paja lako, uliosimama imara ukiusukuma kwa bega. Gonga shina. Likilia tupu, mchwa wameshakula ndani, na Ukambani mchwa hawana mapumziko. Kisha inua macho. Tawi kavu lililo juu yako ndilo hatari ambayo watu husahau, maana wanatazama kamba tu. Mbuyu unapendeza kwa picha, lakini mkanda wa kawaida hauuzunguki, na mara nyingi mbuyu mwingine uko mbali. Usifunge kwenye nguzo ya matofali au ukuta wa banda. Nguzo hujengwa kubeba uzito kutoka juu. Ikivutwa pembeni inaweza kukuangukia pamoja na paa.

Katika Kitui kuna mtego mwingine. Mito kama Tiva na Thua huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na miti mizuri kuliko yote iko ukingoni mwake. Unajiambia hapa pana kivuli na mchanga laini. Lakini mvua ya vuli ndiyo tegemeo la wakulima wa huko, na inaweza kunyesha milimani usiione wala kuisikia, maji yakakujia usiku. Usitungike machela ndani ya mto wa mchanga wala kwenye ukingo wa chini. Radi zikianza, usiwe chini ya mti mmoja mrefu uliosimama peke yake. Na kwa sababu Tsavo iko jirani na tembo hutembea, usijichagulie mahali bila mwenyeji. Ukiwa ndani ya hifadhi, kama Chyulu, piga kambi pale tu unapoonyeshwa na askari wa KWS.

Turubai

Turubai lina kamba zake. Usilitundike kwenye kamba ya machela, kwa sababu kila ukigeuka litachezacheza, na ukishuka kitini kamba inabadilika mvuto. Nyoosha kamba nyembamba ya polista ya milimita 3 au 4 baina ya miti ile ile, juu ya mikanda ya machela. Hii, tofauti na ya machela, inakazwa kweli, maana haibebi mtu. Turubai likalie hapo, pembe nne zikishuka kwenye vigingi.

Macho ya chuma ya turubai la bei rahisi hung'oka kwa upepo wa kwanza. Chukua kokoto laini ya ukubwa wa limau, ifunge ndani ya kitambaa karibu na pembe, na kamba uifungie nyuma ya kokoto. Haichani.

Udongo mwekundu wa Kibwezi ukilowa hauishiki vigingi vifupi, na upande wa Chyulu ni mawe ya volkano, havingii kabisa. Tumia mawe mazito, au zika kijiti ardhini kikiwa kimelala na kamba imefungwa katikati yake. Waulize wenyeji upepo wa mvua hutoka wapi, kisha upande huo uushushe karibu na ardhi.

Jambo moja dogo litakuokoa usiku. Mvua ikinyesha mtini, maji hutiririka kwenye mkanda, yakafuata kamba mpaka kwenye machela. Utalowa chini ya turubai zima usijue yanatoka wapi. Funga kipande cha uzi wa pamba kwenye kamba ya machela, ndani ya turubai, kining'inie. Maji yakifika hapo huufuata uzi na kudondoka chini.

Na usidanganywe na joto la mchana. Usiku huko si kama wa Mombasa. Hewa hupita chini ya mgongo wako, na blanketi unalolilalia hubanwa likapoteza joto. Weka mkeka mnene au godoro jembamba la sponji ndani ya machela. Chandarua kisikosekane.

Kabla ya mtu kulala

Sasa tuna utaratibu, na hakuna kijana anayeuruka. Machela haizidi urefu wa kiti kutoka ardhini, sentimita 45 hivi mtu akiwa amekaa ndani. Chini yake tunaondoa mawe, na mahali penye mizizi tunahama. Mtu mzima anakaa kwanza, taratibu, miguu ikiwa chini, kisha anajipa uzito wake wote kwa dakika 5. Baadaye tunakagua tena kila fundo, kwa sababu fundo hujikaza na kamba hushuka. Asubuhi na jioni tunapitisha vidole kwenye kila kamba na kutazama kila chuma. Watu wawili ndani ya machela moja ni marufuku, na kubembea ni marufuku.

Mzazi aliyenipigia jana alilalamika kwamba mkanda, karabina mbili zenye maandishi na mita 10 za polista zimemgharimu zaidi ya machela yenyewe. Nilimwambia ndivyo inavyotakiwa. Kitambaa kikichanika utasikia kinachanika. Chuma kibovu hakikuambii kitu mpaka saa sita za usiku.

Mpwa wangu amekuwa mtu mzima sasa, na mwaka huu anakuja nasi kusaidia wadogo. Wiki iliyopita nilimkuta ukumbini kwa dadangu amemwaga vifaa vyote sakafuni, anasoma herufi kwenye karabina moja moja na kuziweka mafungu mawili. Zisizo na maandishi alizitia mfukoni. Akaniambia hizo ni za funguo.

Mamake alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Hakuuliza swali safari hii.